Linus Yale, Mchoraji wa Sura Aliyegeuka Fundi wa Vitasa

Hapa kwetu pwani jina la Yale limekuwa jina la kitu wala si la mtu. Kitasa chochote chenye ufunguo mwembamba, bapa, wenye meno upande mmoja, sisi hukiita Yale, hata kikiwa kimetoka Uchina au Bara Hindi. Wengi hawajui kwamba Yale alikuwa mwanadamu aliyekula na kunywa, akaoa, akazaa, kisha akafa kabla hajaona kazi yake imeenea duniani. Mimi pia sikulijali jina hilo hata siku nilipopoteza ufunguo.

Mimi ni mweka hazina wa chama cha mazishi mtaani kwetu, Mji wa Kale, Mombasa. Fedha zenyewe si nyingi, lakini ni amana za watu: mvuvi katoa, muuza mahamri katoa, mjane katoa. Huzitia katika sanduku, na sanduku hukaa katika chumba kidogo cha uani chenye mlango wa mvule na kitasa cha Yale. Basi asubuhi moja ikatujia habari ya msiba. Maiti azikwe baada ya Alasiri, sanda inunuliwe, gari likodiwe, nami nakung'uta mifuko ya kanzu zangu zote na ufunguo siuoni. Watu wamekaa barazani wanasubiri, na kila mmoja ananitazama kwa adabu, jambo ambalo ni zito kuliko kutukanwa.

Aliitwa fundi, kijana wa mtaa wa pili, akaja na keekee ya betri. Alinishika mkono, akaniita ami, akaniomba radhi kwa kelele atakazopiga, kisha akaiweka ncha ya keekee juu kidogo ya tundu la ufunguo na kuikandamiza. Vumbi la shaba likamwagika kizingitini kama bizari. Kahawa aliyotengewa haijapoa, mlango u wazi. Tulizika kwa wakati, alhamdulillahi. Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Ikiwa mkono wa halali umefungua kwa muda mfupi namna ile, mkono wa haramu utashindwaje? Kumbe miaka yote ile nilikuwa nikiwaambia watu fedha zao zimefungiwa, na lililozifungia ni kipande cha shaba laini kisichozidi kidole gumba!

Ndipo nikaanza kumtafuta Yale mwenyewe, nijue alikuwa nani na alikusudia nini.

Linus Yale wetu alizaliwa tarehe 4 Aprili, 1821, huko Salisbury katika jimbo la New York, Marekani. Baba yake naye aliitwa Linus Yale, kwa hiyo Wamarekani humtaja mtoto kwa kumwita Yale Mdogo. Msomaji asichanganye jina hili na lile la chuo kikuu. Chuo kile kilipewa jina la Elihu Yale, aliyekuwa gavana wa Waingereza huko Madras, Bara Hindi, katika karne ya 17. Ukoo ni mmoja, lakini huyu wetu hakuwa gavana wala tajiri. Baba mtu alikuwa mvumbuzi aliyekuwa na karakana ya vitasa katika mji mdogo wa Newport, na kazi yake kubwa ilikuwa vitasa vya mabenki.

Mtoto hakuifuata kazi hiyo mara moja. Yeye alipenda kuchora sura za watu kwa rangi, na katika ujana wake ndiyo iliyokuwa riziki yake. Mwaka 1844 alimwoa Catherine Brooks, wakajaaliwa watoto watatu. Uchoraji wa sura si kazi ya kulisha watoto watatu, na kwenye miaka ya 1850 tunamkuta kijana huyu ameshika tupa badala ya brashi. Wako wanaosema aliiacha sanaa. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyezoea kutazama pua ya mtu na kujua imezidi kwa upana wa unywele, huyo ndiye hasa wa kutengeneza kitu ambacho kikizidi kwa upana wa unywele hakifungui.

Wakati ule ulikuwa wakati wa mashindano makubwa ya vitasa. Mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani mmoja kwa jina Alfred Charles Hobbs aliwatia Waingereza aibu. Alikifungua kitasa mashuhuri cha Chubb kwa muda wa dakika 25 hivi. Kisha akakiendea kitasa cha Joseph Bramah, kilichokuwa kimewekwa dirishani mwa duka huko London miaka mingi na ahadi ya zawadi ya gini 200 kwa atakayekifungua bila ufunguo wake. Hobbs alikifanyia kazi kwa saa 51, katika muda wa siku 16, akakifungua. Waingereza walioamini kwamba wanalala salama wakaanza kugeuka vitandani kama nilivyogeuka mimi.

Hobbs alikuwa akiuza kitasa cha kampuni yake, kilichosifiwa kwamba hakifunguliki. Baadaye akatokea Yale, akakifungua hicho nacho. Hapa ndipo jina la Yale lilipoanza kutajwa na wenye mabenki. Alikuwa na tabia ambayo mafundi wengi hawana: kabla ya kutengeneza kitasa alijiweka katika nafsi ya mwizi. Alijiuliza mwizi anaanzia wapi, anashika nini, anaona nini, anasikia nini. Na jibu lake, kila alipouliza, lilikuwa lilelile: mwizi anaanzia kwenye tundu la ufunguo.

Tundu ndilo lililompa mwizi nafasi ya kuingiza waya wa kupapasia. Tundu ndilo lililomwezesha kumimina baruti ndani ya kitasa na kukilipua, maana wezi wa mabenki wa Marekani hawakuwa watu wa mzaha. Na kama hana waya wala baruti, tundu lilimwonyesha mahali pa kutobolea.

Kitasa alichokitengeneza Yale kwa ajili ya mabenki, mwaka 1851, kilikuwa jibu la ajabu. Ufunguo wake ulikuwa na meno yanayoachana na mpini. Ukiutia na kuusokota, magurudumu ya ndani huyachukua yale meno peke yake na kuyapeleka mbali, pasipo njia ya moja kwa moja kutoka nje, na bamba la chuma huziba tundu nyuma yake. Meno yakafanya kazi yao gizani, kisha yakarudishwa kwa mpini. Mwizi achungulie apendavyo, mbele ya macho yake ni chuma kitupu.

Hata hilo halikumridhisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 alianza kuwashauri wenye mabenki waachane na ufunguo kabisa, watumie makufuli ya kuzungusha tarakimu, yasiyo na tundu lolote. Kwa haki, wazo la kufuli la kuzungusha si la Wamarekani. Ismail al-Jazari, katika kitabu chake cha mitambo alichokikamilisha mwaka 1206 huko Diyarbakir, alieleza sanduku lenye visahani vinne vya kuzungusha, kila kimoja na herufi 16, ambalo halifunguki mpaka kila herufi ikae mahali pake. Lakini Yale ndiye aliyelitia wazo hilo katika milango ya hazina za Marekani kwa nguvu.

Sasa msomaji atauliza: mtu aliyechukia tundu la ufunguo namna hii, vipi akatuachia tundu katika kila nyumba? Hapa ndipo penye kisa chenyewe.

Benki ina walinzi na karani wa kukumbuka tarakimu. Nyumba ina mama, watoto, mgeni na kijakazi. Watu wa nyumbani wanataka ufunguo, na wanataka uwe mdogo. Funguo za zamani zilikuwa kubwa kwa sababu kitasa kilikaa upande wa ndani wa mlango, na ufunguo ulibidi uuvuke unene wote wa mbao ndipo ukifikie. Kadiri mlango ulivyokuwa mnene ndivyo ufunguo ulivyorefuka. Yale akatenganisha mambo mawili. Sehemu inayoutambua ufunguo akaitia katika silinda ndogo ya shaba iliyo usoni mwa mlango. Komeo lenyewe likabaki ndani, likisukumwa na ulimi mdogo unaotoka nyuma ya silinda. Mlango uwe mnene kama ukuta wa ngome, ufunguo ni uleule. Hati zake za uvumbuzi ni za mwaka 1861 na 1865, na ile ya 1865 ndiyo iliyokuja na ufunguo bapa tunaoujua.

Na ndani ya silinda hiyo alitia nini? Alitia wazo la baba yake, na wazo la baba yake lina asili ya kwetu Mashariki. Wazee wetu waliyajua makomeo ya mti: gogo la kufungia linapita katika kiti cha mbao, na kutoka juu vinadondoka vijiti vidogo vinavyolishika gogo lisitoke. Ufunguo ni kipande cha mti chenye meno; unaingizwa chini, unainua vijiti vyote kwa pamoja, gogo linavutwa. Makomeo ya namna hii yalikuwako Misri tangu kale, yakatumika Bara Arabu, na yalionekana hata Unguja. Mwingereza Edward Lane aliyekaa Cairo aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1836 kama kitu cha kawaida milangoni mwa watu.

Katika silinda ya Yale vijiti vimekuwa pini za chuma au shaba, na kila pini imekatwa vipande viwili, cha chini na cha juu, na springi inakisukuma cha juu. Katikati ya silinda kuna kiini cha mviringo kinachozunguka. Bila ufunguo, pini za juu zimeingia nusu katika kiini na nusu katika mwili wa silinda, kwa hiyo kiini hakizunguki. Ukitia ufunguo wa haki, kila jino huinua pini yake kiasi chake, na mahali pini zote zilipokatwa pakalingana sawasawa na ukingo wa kiini. Hapo kinazunguka. Pini moja ikizidi au ikipungua kidogo, basi tena. Ukiwa na pini tano, na kila moja ina vimo sita, una namna 7,776 za ufunguo, ingawa si zote zinazofaa kutumika. Komeo la mti la babu zetu lilikuwa na vijiti visivyokatwa, na ufunguo wowote uliopanda juu vya kutosha uliweza kulifungua. Ule mkato wa pini ndio tofauti yote.

Uzuri wake ndio huo, na ubovu wake ni huohuo. Siri yote ya kitasa imekusanywa katika mstari mmoja mwembamba, pale kiini kinapokutana na mwili, na mstari huo uko juu kidogo tu ya tundu la ufunguo. Tundu linaonyesha mstari ulipo kama kidole kinavyoonyesha. Mwenye keekee hana haja ya kuijua siri. Anatoboa kwenye mstari huo, anavunja pini ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano. Springi na vipande vinamwagika. Kisha anatia bisibisi katika tundu na kuzungusha kama mwenye nyumba. Ndivyo alivyofanya fundi wangu. Enzi za Yale keekee ilizungushwa kwa mkono, na mwizi alitoka jasho. Leo betri iko mkononi mwa kila mtu.

Mafundi waliomfuata Yale wamelijibu tatizo hili kwa njia ambazo nadhani yeye mwenyewe angezipenda, kwa maana zimetoka katika nafsi ya mwizi. Wa kwanza kufikiri atasema silinda yote ifanywe ya chuma cha pua kigumu. Haifai. Chuma kigumu sana ni taabu kuchonga mikato midogo ndani yake, kikipigwa nyundo hupasuka kama gae, na sisi wa pwani twajua chumvi ya bahari inavyokula chuma. Shaba haishiki kutu na inachongeka. Kwa hiyo shaba ibaki, lakini mdomoni mwake, penye ile njia ya keekee, vifukiwe vijiti vidogo vya chuma kilichotiwa ugumu kwa moto. Shaba laini inavishika na kuvizuia visivunjike. Vyenyewe vinaila ncha ya keekee.

Hila iliyonifurahisha zaidi ni kwamba katika baadhi ya silinda vijiti hivyo, au vijigololi vya chuma badala yake, havikukazwa. Vimeachwa vizunguke ndani ya tundu lao. Keekee ili ikate inahitaji kitu kinachosimama imara mbele yake. Ikikutana na kijiti kinachozunguka pamoja nayo, haikati. Inateleza, inapinda upande, ncha inavunjika. Ni kama kumpiga mtu anayerudi nyuma kila unapotupa ngumi. Vijiti vyenyewe hupangwa upande upande, si katikati, ili ncha isukumwe ije ikwame penye chuma kingine. Pini ya kwanza na ya pili nazo hufanywa za chuma kigumu badala ya shaba. Juu ya yote mlangoni huwekwa bamba la chuma kuizunguka silinda, ili asiyeweza kuitoboa asiikamate kwa koleo na kuivunja.

Wengine waliuacha kabisa ule mstari mmoja wa Yale. Kuna silinda zenye kipande cha chuma ubavuni mwa kiini ambacho nacho lazima kirudi nyuma ndipo kiini kizunguke. Ukizitoboa pini zote tano, ubavu bado umekamata. Huko Finland, mwaka 1907, Emil Henriksson alibuni kitasa kisicho na pini wala springi, bali visahani vinavyozungushwa na ufunguo, na vitasa vya namna hiyo huweza kutiwa kisahani kigumu mbele ya vyote kinachozunguka pamoja na ncha ya keekee.

Hakuna hata kimoja kati ya hivi kisichotoboka. Kuna ncha za keekee ngumu kuliko pua, na mwenye nazo na subira ataingia. Kinachouzwa ni muda. Silinda yangu ya zamani ilimpa mwizi nafasi isiyomaliza kikombe cha kahawa. Iliyo na kinga inamlazimisha abadilishe ncha, apige kelele, ashike moto mkononi, na katika mtaa wetu ambao mtu akikohoa usiku jirani anamwombea afya, kelele hizo zina thamani.

Yale hakuyaona haya. Mwaka 1868, mwezi wa Oktoba, alishirikiana na mhandisi kijana wa miaka 24, Henry Robinson Towne, wafungue kiwanda cha vitasa huko Stamford katika jimbo la Connecticut. Yale alete akili, Towne alete uendeshaji wa mitambo. Kiwanda kikaanza kujengwa. Desemba ile Yale alikwenda mjini New York kutafuta kazi ya kutia vitasa katika jengo kubwa, na huko, tarehe 25, moyo wake ulisimama ghafula. Alikuwa na umri wa miaka 47. Ushirika wao ulikuwa na umri wa miezi isiyotimia mitatu. Towne aliachiwa jina la mtu na kiwanda ambacho bado hakijamalizika, naye hakulifuta jina la mwenzake: kampuni ilipokuja kuitwa Yale na Towne katika miaka ya 1880, jina la marehemu lilitangulia.

Amezikwa Shelburne Falls, mji mdogo wa Massachusetts alikokuwa na karakana yake kabla ya Stamford. Binti yake Madeline, aliyekuwa akicheza katika karakana ya baba yake na kujifunza kushika vyombo vyake, alikua akawa msanii mashuhuri wa kufua madini, akitengeneza vijisanduku na mapambo kwa mikono yake mwenyewe. Nafurahi kujua hilo. Baba aliitoka sanaa akaingia chuma, binti akakirudisha chuma katika sanaa.

Yule kijana fundi alirudi kwangu baada ya wiki moja na silinda mpya. Bei yake ilikuwa mara nne ya ile ya kwanza, nikaipeleka mbele ya wanachama barazani kwa kuwa fedha ni zao. Mjane mmoja aliuliza kuna nini ndani yake cha kuifanya ghali hivyo. Niliitoa katika karatasi, nikamwonyesha usoni pa silinda, juu ya tundu, nukta mbili za kijivu zilizofukiwa katika shaba, ndogo kama punje za mtama. Aliipapasa kwa kidole, akampa aliyekaa kando yake naye aipapase, na hivyo ikazunguka baraza yote mpaka ikanirudia. Kisha wakakubali inunuliwe, na kwamba funguo ziwe mbili, wa pili asikae nao mweka hazina.